Chuo Kikuu si Boma la Ukoo

Huenda unanikumbuka. Mimi ndiye yule msichana wa Kidato cha Tatu aliyesimama kwenye mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula wa pili, siku ile mvua ilipotutimua uwanjani tukaenda kusongamana kama dagaa katika darasa la Kidato cha Nne. Hoja ilikuwa hii: Vyama vya wanafunzi wa kabila moja vipigwe marufuku katika vyuo vikuu. Mimi nilikuwa mpingaji mkuu. Kura zilipohesabiwa, upande wetu uliwashinda wapendekezaji kwa mbali mno, hata mtunza saa akasahau kazi yake akapiga makofi ya kilo. Tulizawadiwa kalamu mbili mbili na daftari moja. Wenzangu wakaniita "Wakili" wiki nzima.

Nilifurahi, sikatai. Lakini jioni hiyo nikielekea nyumbani kwa miguu (sisi wa shule ya kutwa tunajua kwamba njia ndiyo mahali petu pa kufikiria), furaha ile ilianza kuyeyuka kama mafuta juani. Nilikuwa nimeshinda kwa maneno ambayo mimi mwenyewe siyaamini. Upande sikuuchagua. Tuliokota vikaratasi, changu kikasema "kupinga", nami nikapinga. Leo mhariri amenipa kurasa, wala hakuna wa kunigongea kengele. Basi niacheni niseme yale ambayo ningeyasema siku ile kama kikaratasi changu kingesema vingine.

Kwanza nikumbushe jinsi nilivyowashinda wapendekezaji. Sikutumia takwimu wala maneno mazito ya kamusi. Nilisimulia kisa cha kaka yangu.

Kaka alipata alama ya B katika mtihani wa KCSE. KUCCPS, ile taasisi inayowagawa wanafunzi katika vyuo, ikampeleka chuo kikuu kilicho mbali na kwetu, mahali ambapo ukoo wetu wote haujawahi kukanyaga. Baba aliuza mbuzi wawili. Mama akamfungia mandazi. Kaka akapanda matatu mbili na basi moja, akafika kwenye lango la chuo saa mbili usiku na sanduku lake la bati. Bawabu akamwambia ofisi zimefungwa, arudi asubuhi. Arudi kutoka wapi? Alipokuwa hapo akimpigia Mama simu kwa lugha ya nyumbani, vijana watatu waliokuwa wakipita wakasimama. "Wewe si ni wa kwetu!" Wakambebea sanduku, wakampikia ugali na sukuma wiki, wakamlaza sakafuni mwao kwa majuma mawili hadi alipopata hosteli. Hao walikuwa wanachama wa chama cha wanafunzi wa kutoka kwetu. Nikawauliza wapendekezaji, "Je, mngetaka kaka yangu alale nje?" Darasa likalipuka. Hapo ndipo mjadala uliisha, yaliyofuata yalikuwa kumalizia saa tu.

Sasa nawaambia nilichokificha.

Usiku ule ule, kwenye lango lile lile, kulikuwa na kijana mwingine ameketi juu ya begi lake. Alikuwa ametoka Marsabit, amesafiri tangu jana yake. Wale vijana watatu walimwona. Walimsalimia kwa heshima, "Sasa, komredi," wakapita na sanduku la Kaka. Kaka anasema aligeuka nyuma mara moja tu. Majuma mawili baadaye wakakutana darasani, kumbe wanasomea kozi moja. Kaka akamuuliza, "Ule usiku ulilala wapi?" Akamjibu, "Pale pale. Bawabu alinipa nafasi kando ya jiko lake la makaa."

Kaka alitusimulia sehemu zote mbili kwa siku moja, likizoni, tukimenya maharagwe. Mimi nikachukua nusu nikaipeleka kwenye mjadala. Nusu ya pili nikaiacha jikoni kwa Mama.

Ukisikia nusu zote mbili, swali linabadilika kabisa. Si tena kama chama cha watu wa nyumbani ni kizuri ama ni kibaya. Kwa aliye ndani, ni kizuri kama blanketi. Mimi swali langu ni hili: kwa nini chuo kikuu chenye msajili, mkuu wa wanafunzi, mabasi na walinzi kikawaachia makabila kazi ya kumpokea mgeni langoni? Mtoto wa watu akifika usiku bila mwenyeji, atamshika yeyote atakayeongea kama mamake. Na akishashikwa hivyo, ana deni. Deni hilo hulipwa lini? Wakati wa uchaguzi wa wanafunzi.

Hapa tena nina ushahidi wa Kaka. Zamani wanafunzi wa vyuo walikuwa wakimchagua kiongozi wao moja kwa moja, kila komredi na kura yake. Mwaka wa 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa, ikasema wanafunzi wachague wajumbe katika idara au vitivo vyao, kisha wajumbe hao ndio wawachague viongozi. Ilisema pia kwamba baraza la wanafunzi lionyeshe sura ya taifa, na jinsia moja isizidi theluthi mbili. Nia ilikuwa nzuri, maana chaguzi za awali ziligeuka vita vya makabila na mawe yakarushwa. Lakini Kaka anasema idara nazo zina hesabu zake. Juma moja kabla ya kura, mwenyekiti wa chama chao aliwaita, akawapa soda na mkate, akawaambia idara fulani ni "yetu" na idara fulani ni "yao". Kaka alikuwa anataka kumpigia kura msichana mmoja wa kabila jingine, kwa sababu huyo ndiye peke yake aliyesema habari za maktaba kufungwa mapema. Mtu akamwambia, "Kumbuka ulilala kwa sakafu ya nani."

Kaka alimpigia nani? Alikataa kutuambia. Baba akacheka, akasema kura ni siri. Mimi nilimtazama Kaka usoni, na kwa maoni yangu alilipa deni.

Nimemwomba mhariri asichapishe jina langu la ukoo. Si kwamba naona haya. Ni kwamba hapa Kenya ukiona jina la mtu unajua kabila lake, na ukishajua kabila lake unafikiri umeshajua atasema nini. Ningependa usome hadi mwisho kwanza.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya vyuo vikuu, sisi wa shule ya kutwa yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, pengine kuliko wenzetu wa shule za bweni. Mtoto wa shule ya kitaifa ameshalala kitanda cha juu na Mturkana akiwa kitanda cha chini. Ameshaazimana sabuni na Mtaita. Sisi tunatoka nyumbani asubuhi, tunakutana na watoto wa majirani zetu, tunarudi nyumbani jioni. Nikihesabu darasa letu la wanafunzi 52, wasio wa kabila la hapa hawajai vidole vya mkono mmoja. Siku nitakayoshuka basi nikaona lango la chuo, huenda ikawa ndiyo siku ya kwanza ya maisha yangu kulala chumba kimoja na mtu asiyejua lugha ya mamangu. Mimi nitatafuta nani? Najijua.

Najijua kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka jana, tukiwa Kidato cha Pili. Alikuja msichana mgeni. Babake alikuwa afisa wa polisi aliyehamishiwa kituo cha hapa. Mwalimu wa darasa alimkalisha kwenye dawati langu. Nilimsalimia kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, hata nikaona wivu kidogo. Basi, hapo ndipo ukarimu wangu ulipoishia. Mwalimu akitoka darasani, sisi tulirudi kwenye lugha ya mama kama maji yanavyorudi bondeni. Hatukuwa tukimsengenya, la hasha! (Mara moja moja tulimsengenya.) Ilikuwa tu rahisi.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, kila mtu na sahani yake ya githeri, mmoja wetu alisema kichekesho tukacheka hadi mbavu zikauma. Naye akacheka. Nikamuuliza, "Kwani umesikia alichosema?" Akanijibu pole pole, "La. Nimecheka tu nisikae kama jiwe."

Alikaa nasi mihula miwili, babake akahamishwa tena wakaenda. Hatukumfukuza sisi. Lakini sikuwahi kumwomba radhi, na siku hizi dawati lile nalikalia peke yangu. Niliposimama kwenye mjadala nikipaza sauti kutetea vyama vya watu wa nyumbani, nilikuwa nasimama hatua tatu tu kutoka mahali alipokuwa akila githeri yake. Ni nani kati yenu angejua?

Sheria tunazo, na nzuri pia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu cha 7 kinasema kwamba hakuna shirika la umma litakaloruhusiwa kuwa na wafanyakazi zaidi ya theluthi moja kutoka kabila moja. Chuo kikuu cha umma ni shirika la umma. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila, jinsia, dini, ulemavu, lugha na mengine mengi. Haya yote tumeyasoma katika somo la Historia na Serikali, tukayaandika kwenye mtihani, tukapata alama.

Lakini tazama mambo yalivyo. Mwaka wa 2016 Profesa Laban Ayiro aliteuliwa kuwa kaimu makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Viongozi wa siasa wa eneo lile wakaandamana hadi chuoni kupinga. Kisa na maana? Walitaka mtu wa pale. Ebo! Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984 kuwa chuo kikuu cha pili cha nchi hii, kijengwe kwa kodi ya mvuvi wa Lamu na mkulima wa chai wa Kericho na mchuuzi wa Gikomba. Kikawa lini mali ya wale wanaokizunguka? Wala tusiwanyooshee Eldoret kidole. Vyuo vingi vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka wa 2012 na 2013, na karibu kila mahali kilipofunguliwa chuo, wenyeji walianza kusema "chuo chetu". Neno "chetu" si baya. Linaharibika pale linapomaanisha "si chenu".

Mtu akiniambia kwamba hayo ndiyo maisha na hayawezi kubadilika, humtajia Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Alikuwa akifundisha katika idara ya udaktari wa mifugo. Wanafunzi wanaume walishangaa kufundishwa na mwanamke, lakini hayo yalikuwa madogo. Wakati huo chuo hakikuwapa wahadhiri wanawake marupurupu sawa na wanaume. Mwanamke akiwa ameolewa, ilidhaniwa nyumba atapewa na mumewe, kwa hiyo chuo kimpe nyumba ya nini? Yeye na mwenzake, Vertistine Mbaya, walisimama kidete wakadai usawa, wakati wanawake wengine waliogopa kuonekana wakorofi. Mwaka wa 1976 akawa mkuu wa idara. Sisi humsifu kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya 2004, tukasahau kwamba kabla ya kupigania miti alipigania mahali pake chuoni. Ningependa Chama cha Kiswahili kitafute siku tumjadili huyo mama, badala ya kila mwaka kurudia "Mjini ni bora kuliko kijijini".

Jambo lingine ambalo hatukuligusa siku ya mjadala, upande wetu na upande wao, ni dini. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga kwa dini kabla ya kuwapiga risasi. Mimi nilikuwa bado sijaanza darasa la kwanza, lakini nakumbuka Mama akizima redio. Waliouawa walikuwa wametoka pembe zote za nchi, wamepelekwa huko na alama zao tu. Baada ya hapo wazazi wengi walisema mtoto wao hataenda Garissa ng'o. Siwalaumu, mzazi aliyezika hafundishwi uwiano. Hata hivyo chuo kile kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikawa chuo kikuu kamili. Ina maana kuna watoto wa Wakristo waliorudi, na kuna Waislamu waliowapokea. Desemba ya mwaka ule ule wa 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa. Abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo waliokuwa nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo kwa kukataa, akafa Januari 2016. Alikuwa mwalimu, kama hawa wetu wanaotusahihishia insha.

Mbali na hayo, kuna wenzetu ambao hata tukimaliza ukabila leo bado watakuwa nje ya mlango. Katika darasa la Kaka kuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Mhadhara wa Jumanne uko orofa ya tatu, na lifti ni pambo tu. Basi kila Jumanne wenzake humbeba, Mluo gurudumu hili, Mkamba gurudumu lile, Mkalenjin nyuma. Kaka aliponiambia, nilisema, "Huo si ndio umoja?" Nilitaka hata kuuandika hapa kama mfano mzuri. Kaka akanitazama, akasema yule jamaa hanywi chai asubuhi ya Jumanne. Choo kiko chini, naye hataki kuwaita watu wamshushe halafu wampandishe tena. Anakaa na njaa na kiu mpaka saa saba.

Tangu siku hiyo naogopa kidogo neno "kusaidiana". Kifungu cha 54 cha Katiba hakisemi mlemavu abebwe. Kinasema ana haki ya kufika mahali pote, na haki ya kusoma pamoja na wengine, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya Breli. Kuhamisha mhadhara kutoka orofa ya tatu kuuleta chini si kazi ya fedha. Ni kazi ya mtu mmoja kuketi na ratiba na kalamu. Hapa kwetu wazazi walitengeneza njia ya saruji ya kuingilia maabara kwa siku mbili, wikendi moja. Njia yenyewe imepinda kidogo, lakini inapitika.

Sasa nije kwa vyama vyenyewe, maana najua wapingaji wenzangu wananisubiri. Je, vipigwe marufuku? Hapana. Bado nasema hapana, ila si kwa sababu niliyoitoa siku ile. Ukipiga marufuku chama cha kabila, kitakutana gizani, na mtoto wa Marsabit atabaki langoni vile vile. Dawa ni kukinyang'anya chama kazi ambayo haikuwa yake. Siku za kuripoti, chuo kiweke watu wake langoni hadi usiku wa manane, na chumba cha kulala cha siku chache kwa yeyote asiye na mahali. Hicho ndicho kitu cha kwanza, na kama kingefanywa hicho pekee ningeridhika. Mgeni akipokewa na chuo, hana deni la mtu.

Halafu vyumba. Kaka anasema wanafunzi wengi huhonga ama hubadilishana ili wakae na wa kwao. Chuo kigawe vitanda kwa kuokota vikaratasi, kama sisi tulivyookota pande za mjadala, na mtu asiruhusiwe kubadilisha muhula wa kwanza. Watanung'unika. Wanung'unike. Watu waliosoma shule za bweni watawaambia kwamba juma la kwanza unamchukia mwenzako kwa sababu ya harufu ya mafuta yake ya nywele, juma la tatu unamwazima hayo mafuta.

Lugha nayo. Najua mnangoja niseme Kiswahili ndicho dawa ya kila ugonjwa, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi anasoma. Kiswahili ni dawa, ila sharti kinywewe. Sisi hukizungumza wageni wanapokuja, tukikariri mashairi na kuvaa kanga, halafu kwenye foleni ya githeri tunakivua pamoja na kanga. Yule msichana alikijua kutushinda sote, na hakikumsaidia kitu, kwa sababu hatukutaka kumzungumzia. Lugha ya mama nitaipenda hadi kufa. Naomba tu kwamba akiwepo mtu mmoja asiyeielewa, mmoja tu, tuhamie kwenye ile anayoielewa. Hakuna atakayekatwa mshahara.

Kuna pia maskini, ambaye yupo katika kila kabila. Mkopo wa HELB ukichelewa, mwenye baba mwenye gari hajui kama umechelewa. Hilo ni la makala nyingine.

Kwa upande wetu hapa shuleni, nina ombi moja kwa Mwalimu Mkuu na kwa kamati ya chama. Mwaka ujao, badala ya kujadiliana wenyewe kwa wenyewe, tualike shule ambayo wanafunzi wake si watu wa huku, nasi tuende kwao. Tusiende asubuhi na kurudi jioni. Tulale. Wazazi wetu wana nafasi. Mama ameshakubali wageni wawili, na amesema hatauliza majina yao ya ukoo, ingawa namjua, atauliza.

Na Kaka? Likizo hii chama cha watu wa kwetu kilimpigia simu. Wanamtaka awe mweka hazina. Alikaa siku tatu akifikiria, hata akaniuliza mimi, mtoto, nilionaje. Nikamwambia akubali, lakini kwa sharti moja: siku ya wageni kuripoti mwezi huu wa Septemba, asimame langoni na yule kijana wa Marsabit, ambaye sasa wanakaa chumba kimoja, na wampokee yeyote atakayeshuka na sanduku, awe wa nani awe wa nani. Kaka alicheka. Akasema wanachama watamtoa kwenye kiti kabla ya muhula wa kwanza kuisha, kwa sababu pesa za chama ni za watu wa kwetu, na chai atakayowapa wageni itanunuliwa na pesa hizo.

"Basi nunua chai kwa pesa zako," nikamwambia.

"Zipi?" akaniuliza.

Aliondoka Jumatatu na basi la asubuhi. Mama alimfungia mandazi kama kawaida, ila safari hii Kaka aliomba karatasi ya pili, akasema yawe mengi kidogo.